Tiketi mbili na siku ya katikati

Maneno ya kamati ya safari kwenye mkutano wa wanachama, Kasongo. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukapunguza marudio tu.



Mwenyekiti alituomba tuseme kidogo juu ya safari za ndege. Tulipotangaza, wengine walicheka. "Siye tuliotembea kwa miguu mpaka ziwani, mtatufundisha safari?" Ni kweli. Wengi walio hapa walitoka Kabambare na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wakavuka Tanganyika, wakakaa Lugufu mpaka kambi ilipofungwa mwaka wa 2009, wengine wakakaa Nyarugusu. Wako waliorudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, halafu tena barabara. Juu ya uchovu hakuna wa kutufundisha kitu. Lakini ndege inatupiga mahali pengine, tena kimya kimya, na tangu mkutano uliopita imetupiga mara mbili. Juu ya hizo mara mbili njo tumesimama hapa.

Ya kwanza mnaijua, maana wengi wenu mlikuwa kwenye kilio kile. Dada yetu wa Kabambare, anayeishi Marekani na watoto wake tangu walipohamishwa kutoka Nyarugusu, alipigiwa simu usiku: mama amefariki. Akauliza kama wanaweza kumngoja. Familia ikasema, tutakungoja siku nne. Kwetu siku nne ni nyingi sana, mahali pasipo chumba cha baridi. Waliosema hivyo walisema kwa upendo. Mtoto wake wa kwanza akakaa na simu usiku ule ule, akanunua tiketi mbili. Moja kutoka Marekani kupitia Addis Ababa hadi Kinshasa. Nyingine, ya kampuni nyingine, kutoka Kinshasa kwenda Kindu na kurudi. Ndege ya kwanza ilipaswa kushuka Kinshasa saa saba ya mchana, ya pili iondoke saa tisa na nusu. Masaa mawili na nusu. Kwenye karatasi yalitosha.

Ndege ya kwanza ilichelewa saa moja na dakika kidogo. Si kitu, sisi tunangoja lori siku mbili na hatusemi limechelewa. Halafu kukawa mstari wa pasipoti kwa watu wa DGM, kadi ya njano ya chanjo, kungoja valizi. Valizi mbili zilitoka mapema, ya tatu ikakawia. Alipofika upande wa ndege za ndani, dirisha la kujiandikisha lilikuwa limefungwa. Ndege ilikuwa bado pale. Aliiona. Akalia, akaonyesha picha ya mama yake kwenye simu, kijana wa dirishani akamwambia kwa heshima, "Mama, orodha imeshafungwa." Nafasi nyingine ya Kindu ilikuwa baada ya siku tatu.

Akauliza kampuni ya kwanza. Wakasema: tuliahidi kukufikisha Kinshasa, tumekufikisha. Akauliza ya pili. Wakasema: tulifungua dirisha, tukangoja, hukuja, tiketi imekufa. Akalipa nyingine. Aliposhuka Kindu alipiga simu kijijini, akajibiwa na shangazi yake: "Balishamuzika jana."

Tumefikiri sana juu ya jambo hili katika kamati. Tulianza kwa hasira, tukitafuta nani wa kulaumu. Tukakuta kwamba kampuni zote mbili zilisema kweli. Njo ubaya wenyewe. Ukiwa na tiketi mbili, kuna mahali katikati ambapo hakuna mtu aliyeahidi kitu. Pale katikati ni pako wewe mwenyewe, na kila dakika ya pale unailipia wewe.

Tiketi moja ni kitu kingine. Hata ukibadili ndege mara tatu, kama safari yote imeandikwa chini ya namba moja ya rezervasio, aliyekuuzia amekubali kukufikisha mwisho. Kila uwanja una muda wake mdogo kabisa unaokubaliwa kwa korespondansi, na ajansi hawezi kukuandikia chini ya huo. Ndege ya kwanza ikichelewa, wao njo wanakutafutia nyingine, bila malipo mapya. Kwa wanaoanza safari Ulaya kuna zaidi: sheria yao ya 2004, namba 261, inahesabu ucheleweshaji pale unapofika mwisho wa safari, si pale ulipobadilia ndege, na ukifika umechelewa masaa matatu au zaidi kwa kosa la kampuni, kwa safari ndefu unaweza kudai mpaka euro 600. Lakini yote hayo ni kwa rezervasio moja. Ukiwa na mbili, ile ya pili hawaijui.

Basi mtu atauliza: juu ya nini kijana hakununua tiketi moja mpaka Kindu? Tusimlaumu. Ili tiketi iwe moja, kampuni mbili lazima ziwe na mkataba, kila moja ikubali tiketi na mizigo ya mwenzake. Kampuni zote zilizopewa kibali na nchi yetu ziko kwenye orodha ya Ulaya ya kampuni zisizoruhusiwa katika anga yao, tangu mwaka wa 2006, na kampuni kubwa za nje haziharakishi kufunga mkataba na aliye kwenye orodha ile. Kwa hiyo mtu wa Bruxelles anayekwenda Nairobi anachagua kati ya tiketi moja na mbili. Mtu wa Kasongo mara nyingi hachagui. Mbili njo safari yetu.

Tena mlango umekuwa mmoja. Zamani wengi wetu tuliingia kwa upande wa mashariki, mpaka Goma, halafu ndege ya Kindu. Uwanja wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza wa 2025, vita ilipofika mjini, na ule wa Kavumu karibu na Bukavu ukafuata mwezi wa pili. Leo mtu wa mbali anayekuja kwetu kwa ndege, karibu kila mara anapita Kinshasa, yaani anapita juu ya kichwa chetu, anakwenda mpaka magharibi ya nchi, halafu anarudi mashariki. Wa Kabambare wengine wanaona heri Kigoma, boti mpaka Kalemie, halafu barabara. Nayo ina korespondansi zake, ila boti haina dirisha linalofungwa dakika arobaini na tano kabla.

Kuna jambo la kuulizia. Air Congo ilianza kuruka mwezi wa kumi na mbili 2024. Serikali yetu ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines ina 49. Hatujui itatufikisha wapi, lakini swali ni bure. Kabla ya kulipa, uliza ajansi maneno haya haya: "Unaweza kuniandikia mpaka Kindu kwa namba moja ya rezervasio?" Akisema ndiyo, chukua, hata kama bei imepanda kidogo. Akisema hapana, basi sikiliza yanayofuata.

Tunarudi nyuma kidogo, wazee watusamehe kama tunakosea. Watu wa misafara waliotoka hapa Kasongo kwenda Ujiji wakati wa Tippu Tip walipita Kabambare, wakafika Mtowa, kando ya ziwa. Hakuna aliyepanga kufika Mtowa leo na kuvuka leo. Walifika, wakatua mizigo, wakangoja mtumbwi na upepo. Siku za kungoja zilikuwa ndani ya safari. Sisi wajukuu zao tumepewa simu inayoonyesha saa 13:00 na saa 15:30, tukaamini kwamba ziwa limekauka.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: wekeni siku ya katikati. Si masaa, ni siku. Mtu anayefika Kinshasa leo, ndege yake ya Kindu iwe kesho, au kesho kutwa. Na namna ya kununua igeuzwe. Watu wote wanaanza na tiketi kubwa, kwa sababu ina bei ya kutisha, halafu wanatafuta ndogo ya kuichomeka. Anzeni na ndogo. Ndege ya Kindu si ya kila siku, na siku zake zinabadilika. Ulizeni kwanza Kindu iko siku gani, halafu njo mtafute ya kutoka Marekani au Ubelgiji itakayofika siku moja kabla. Za Addis Ababa au Bruxelles ziko nyingi. Ya Kindu ni moja.

Hapo mzee mmoja wa Kabambare alisimama katika kikao cha kamati akauliza swali lililotunyamazisha wote. Alisema: "Mnasema siku ya katikati. Yule dada angeweka siku ya katikati, si angekosa maziko vilevile?"

Ndiyo, angeyakosa. Hatutaki kuwadanganya. Siku nne zilikuwa hazitoshi tangu mwanzo, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Familia ilihesabu siku nne za maiti, kijana alihesabu masaa ya ndege, na hesabu hizo mbili hazikuonana. Tuliongea jioni nzima juu ya hilo. Tukakubaliana kwamba anayepiga simu ya msiba asiulize "Utafika lini?" Aulize "Ndege ya Kindu iko lini?" Halafu aongeze siku ya katikati, aongeze barabara, aseme hesabu yote kwa wazee kabla hawajatangaza siku ya kuzika. Wazee wakiona ni siku saba, wataamua wenyewe: ama wanangoja, ama wanazika. Na wakizika, wamwambie mtoto wao kabla hajalipa hata dola moja, ili apande taratibu, kwa bei ya chini, aje kwa arobaini au kwa kuondoa matanga. Kuna aibu kusema hivyo kwa simu, tunajua. Lakini dada yetu anatuambia mpaka leo: kilichomuuma si kukosa maziko peke yake, ni kuwa angani akiamini wanamngoja.

Na kuna kitu kidogo kilichomuumiza mara ya pili. Ile tiketi ya Kinshasa na Kindu ilikuwa ya kwenda na kurudi. Alipokosa kwenda, kurudi nako kulifutwa. Namna hiyo inatumika kwa kampuni nyingi duniani, kubwa na ndogo: ukikosa kipande cha kwanza bila kuwaambia, wanaandika kwamba hukuja, na vipande vinavyofuata vinaanguka vyote. Kwa hiyo, kama bei haitofautiani sana, nunueni Kindu kwa vipande viwili, cha kwenda peke yake na cha kurudi peke yake. Na ukiona unachelewa, piga simu au tuma mtu dirishani kabla ndege haijaondoka. Kabla. Tiketi inayobadilishwa saa moja kabla inaweza kupona kwa faini. Baada ya ndege kuondoka, wengi watakuonyesha karatasi tu.

Sasa ya pili, na hii tunaiongea mbele ya wafadhili kwa sababu pesa zao zimo ndani.

Mgeni mmoja alitumwa kwetu kuona mashamba ya mbegu na nyumba za wajane. Alikuja vizuri, alilala Kinshasa usiku mmoja akienda, tukampongeza. Kurudi kwake ndege ya Kindu ilipangwa asubuhi, na ya Ulaya usiku wa siku ile ile. Tulihesabu: kuna masaa zaidi ya kumi. Nani angeogopa masaa kumi? Asubuhi ile mvua ilikaa juu ya Kindu kama mgeni asiyeaga. Ndege haikuja kabisa. Ikaja kesho yake mchana. Tiketi ya Ulaya ikapotea yote.

Tulichofanya hapo hatujakisema wazi mpaka leo. Mgeni hakutuomba kitu. Sisi wenyewe, kwa aibu ya mgeni kupata hasara akiwa mikononi mwetu, tulitoa kwenye sanduku nusu ya tiketi yake mpya. Zilikuwa pesa za mabati ya nyumba mbili. Nyumba zile mbili zinavuja mpaka sasa. Kuna wanachama walikasirika na wana haki. Hatukuuliza mkutano, tuliamua watu watatu usiku, kwenye varanda. Mgeni aliposikia baadaye pesa zilitoka wapi, alihuzunika kuliko sisi.

Kwenye hasara ile tulijifunza kitu ambacho tungependa kila mtu hapa aende nacho. Kwenda na kurudi si sawa. Ukienda, ndege kubwa ikichelewa unapoteza tiketi ndogo, ya Kindu. Ukirudi, ndege ndogo ikichelewa unapoteza tiketi kubwa. Ndege ndogo njo inachelewa zaidi, kwa mvua, kwa kukosa mafuta, kwa kubadili siku. Kwa hiyo usiku mmoja wa katikati ni wa kwenda. Kurudi ni siku mbili, na wakati wa mvua heri tatu. Watu wote wanafanya kinyume: wakienda wanapumzika Kinshasa, wananunua vitenge, wakirudi wanabana, kwa sababu wanataka kukaa na familia mpaka dakika ya mwisho. Tunawaelewa. Lakini dakika ile ya mwisho ina bei.

Juu ya saa tuseme haraka. Kinshasa na Maniema hawana saa moja. Kindu ikiwa saa sita ya mchana, Kinshasa ni saa tano. Tiketi inaandika saa ya mahali pale unapoondoka, na saa ya mahali pale unapofika. Simu nyingine zinabadilika zenyewe, nyingine hapana. Mmoja wetu alikaa Kindu akitazama simu iliyobaki na saa ya Kinshasa, akaona ana saa nzima ya kunywa chai. Halafu kuna saa zetu. Sisi tunasema saa mbili ya asubuhi, tiketi inaandika 8:00. Mtoto aliyezaliwa Marekani akisikia babu yake anasema kwenye simu "ndege saa mbili", ataweka kengele ya saa nane mchana. Kichekesho, lakini kiliwahi kukaribia kutokea. Andikeni kama tiketi ilivyoandika, kwa tarakimu, hata katika ujumbe wa nyumbani.

Mizigo. Kwenye kila valizi wanafunga karatasi yenye herufi tatu kubwa. FIH ni Kinshasa. KND ni Kindu. ADD ni Addis Ababa. Unapotoa valizi huko mbali, waonyeshe tiketi zako zote mbili, uliza kama wanaweza kuifunga mpaka Kindu, halafu usiamini mdomo, soma herufi. Ikiandikwa FIH, na karibu kila mara itaandikwa FIH, maana yake Kinshasa utaingoja wewe, utapita nayo forodha, utatoka nje nayo, utaipima upya. Na kipimo cha pili ni kidogo. Ndege kubwa inaweza kukuruhusu valizi mbili za kilo 23 kila moja, ya ndani kilo chache zaidi, na kila kilo ya juu unalipa pale pale, mbele ya watu. Tazameni pia Go-Pass, ada ile ya uwanja tunayoijua tangu 2009: ulizeni kama imo ndani ya tiketi ama mtailipa pale, muwe na dola safi mkononi, zisizochanika. Dawa, karatasi za pasipoti na nguo ya maziko, mkononi. Kamwe zisiende chini.

Viza ni jambo zito kuliko watu wanavyofikiri. Mwenye tiketi moja anabaki ndani ya uwanja, anapita tu. Mwenye tiketi mbili, kama valizi haikufungwa mpaka mwisho, lazima atoke nje aichukue, na kutoka nje ni kuingia nchi ya watu. Pasipoti yetu ya Kongo, katika nchi za Schengen, inadaiwa viza hata kwa kupita ndani ya uwanja bila kutoka. Na viza ile ya kupita haikuruhusu kutoka kuchukua valizi. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kongo anayenunua tiketi mbili zinazokutana Bruxelles au Paris, anaweza kukataliwa kupanda huko huko alikotoka, kabla hata ya kuchelewa. Waliopata uraia wa Marekani wana shida kinyume: huko wanapita, ila wasisahau kwamba sasa ni wageni nyumbani, wanadaiwa viza ya Kongo. Dada mmoja alituambia, "Mimi naomba viza kwenda kumzika babangu?" Ndiyo, mama. Ombeni mapema.

Halafu ukishuka Kindu, usifikiri umefika. Uwanja uko upande wa magharibi wa Lualaba, na sisi tuko ng'ambo. Unavuka mpaka Alunguli, unashika barabara ya kusini, na karibu kilomita 240 ziko mbele yako mpaka Kasongo. Kabambare ni mbele tena. Wakati wa kiangazi, pikipiki nzuri na dereva mzuri, unaweza kufika Kasongo siku ile ile ukiwa na vumbi mpaka masikioni. Wakati wa mvua usitaje siku. Tunasema hivi kwa ajili ya wafadhili hasa, kwa sababu kwenye ratiba zao tumekwisha kuona "Kindu hadi Kasongo, masaa manne". Hiyo ramani haijawahi kukwama topeni.

Sasa tunaomba nini? Tumeleta mambo mawili mbele ya mkutano, na mkutano umekubali la kwanza. La pili limekubaliwa nusu.

La kwanza ni mtu wa katikati. Tuna wanachama Kinshasa, familia tatu zimejitolea godoro na sahani. Kila msafiri wetu, na kila mgeni wetu, ataacha nakala ya tiketi zote mbili, na namba za rezervasio, kwa mmoja wao kabla ya kupanda ndege. Msafiri akiwa angani hawezi kupiga simu. Mtu wa katikati anatazama kama ndege imechelewa, na ikichelewa, yeye njo anakwenda dirishani au anapiga simu kabla ya orodha kufungwa, anaomba tiketi isogezwe. Kwa dada yetu, hilo peke yake lingeokoa tiketi ya kwenda na ya kurudi. Maziko lisingeokoa. Gharama yake ni nauli ya teksi na dakika za simu. Sanduku litalipa hizo, kwa risiti.

La pili ni kwamba sanduku halitalipa tena tiketi iliyopotea, ya mwanachama wala ya mgeni, kama msafiri hakuweka siku ya katikati. Kama aliiweka na bado mvua ikamshinda, tutasaidia. Hapo watu waligawanyika. Wengine walisema ni ukatili kumwambia mtu hivyo akiwa na msiba. Wengine walisema mabati ni mabati. Tumeahirisha kwa upande wa misiba mpaka mkutano ujao, lakini kwa wageni na kwa safari za kazi limepita. Ninyi marafiki mnaotuma watu, tunawaomba kwa heshima: mkiandika bajeti ya mgeni, andikeni usiku mmoja Kinshasa kwenda na siku mbili kurudi, hata kama mhasibu wenu atauliza siku hizo mgeni anafanya kazi gani. Mwambieni analinda mabati.

Daftari la safari limeanza. Liko kwa katibu, Kasongo, na nakala yake iko Kabambare kwa mama mweka hazina. La kwanza kuandikwa ni jina la mzee yule yule aliyetuuliza swali. Anakwenda kumwona mwanawe Ubelgiji, viza imetoka. Atafika Kinshasa siku mbili kabla, na tumemshauri arudi siku ya ndege ya Kindu iliyo mbali kidogo. Amekubali siku mbili za kwenda. Za kurudi anasema ni nyingi mno, atachoka na kelele za Kinshasa. Bado tunaongea naye.